Ndugu Wawili wa Dadaab

Nikisikia kwamba kitabu kimeandikwa na watu wawili, moyo wangu husitasita. Chungu cha wapishi wawili mara nyingi hutiwa chumvi mara mbili. Na nikiambiwa tena kwamba ni kitabu cha vijana, chenye picha kila ukurasa, nakiweka kando na kusema: hiki ni cha kupitisha saa ya jua kali. Safari hii nilikosea.

Kitabu chenyewe kinaitwa When Stars Are Scattered. Kilitolewa Marekani mwaka 2020, kwa Kiingereza. Maisha yanayosimuliwa humo ni ya Omar Mohamed, Msomali aliyekimbia vita akiwa mtoto mdogo na kukulia katika kambi ya Dadaab, Kenya. Aliyekiandika pamoja naye na kuchora picha ni Victoria Jamieson wa Marekani. Mwaka ule ule kilikuwa kati ya vitabu vitano vilivyofika mwisho katika shindano la National Book Award, upande wa vitabu vya vijana. Kiingereza chake si kigumu. Kijana aliyekisoma kidogo shuleni atakifuata, maana picha zitamshika mkono.

Kwetu Sandoa neno mkimbizi si geni. Wakati wa vita vya 1977 na 1978 watu wengi wa upande huu walivuka mpaka wakaingia Angola, na vita vya Angola navyo vilileta wakimbizi kwetu. Wazee wakisimulia mambo hayo huanza na bunduki, kisha njia, kisha njaa. Nilitazamia kwamba Omar naye ataanza hivyo. Sivyo. Tunamkuta amekwisha kufika kambini zamani, ana miaka 11, na kazi yake ni kuteka maji, kusimama katika mstari wa chakula na kumlinda mdogo wake, Hassan. Vita vinachelewa sana kuonekana, mpaka siku Omar anapoitwa mbele ya watu wa Umoja wa Mataifa ili aeleze yaliyompata. Ndipo tunaposikia habari ya baba aliyeuawa, na ya mama waliyepoteana naye. Waandishi walifanya vema. Wametupa nafasi ya kumjua kijana huyu kabla ya kumhurumia.

Basi, ni nini kinachojaza kurasa zote zile? Kungoja. Chakula huisha kabla ya siku ya mgawo, nao hungoja. Majina ya watakaoitwa yanabandikwa, Omar anatafuta jina lake, halimo, miaka inapita. Sikudhani kwamba mtu anaweza kuandika juu ya kungoja bila kumchosha msomaji.

Lakini moyo wa kitabu ni Hassan. Kifafa humwangusha, na neno analolisema ni moja tu, Hooyo, yaani mama kwa Kisomali. Omar anapoambiwa aende shule, anakataa. Nani atabaki na Hassan? Mwishowe Fatuma, mama mzee aliyepotewa na wanawe mwenyewe na anayewalea wavulana hawa, anakubali kumtunza mchana. Omar anakwenda. Hata hivyo kila asubuhi anatoka nyumbani kama mtu mwenye deni. Je, kusoma ni kumsaidia ndugu yako au ni kumwacha? Kitabu hakimjibii. Katika nyumba zetu wako wakubwa wengi waliobaki nyumbani ili wadogo wao wasome. Hao wataelewa upesi kuliko mimi. Wasichana nao wana sehemu yao: Maryam, mwanafunzi hodari, anaozwa mapema, na hapo nilifunga kitabu kwa muda.

Nilitafuta mahali ambapo kalamu moja inaishia na nyingine kuanza. Sikupaona. Anayesema ni Omar tangu mwanzo, naye Jamieson hajasimama mbele yake.

Lawama yangu ni juu ya mwisho. Mwaka 2009 wavulana wanapelekwa Marekani, na masimulizi yanapanda ndege pamoja nao. Kambi iliyotushika kwa kurasa nyingi inaachwa upesi mno. Ningependa kurasa mbili zaidi, hata bila maneno: Fatuma asubuhi ya pili, akiamka katika kibanda kisicho na mtu wa kumwita Hooyo.