Sharti, Yapasa na Hiari: Uhakiki wa Kauli za Kuamuru katika Mwongozo wa Sera wa Debian

Debian ni mfumo endeshi wa programu huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Haumilikiwi na kampuni yoyote. Hutengenezwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi, na kila mtunzaji huwa na vifurushi vyake vya programu anavyovishughulikia. Ili vifurushi hivyo, ambavyo leo ni makumi ya maelfu, vikae pamoja katika kompyuta moja bila kugongana, jumuiya hiyo hufuata Mwongozo wa Sera unaoeleza faili ziwekwe wapi, kifurushi kitaje vipi vingine kinavyovitegemea na leseni yake ioneshwe vipi. Mwongozo huo umezoeleka kusomwa kama waraka wa kiufundi. Uhakiki huu unausoma kama matini ya kuamuru na unajikita katika swali moja: amri zake hupata nguvu wapi, ilhali anayeamriwa halipwi wala hawezi kulazimishwa?

Nadharia ya Vitendo-uneni, ambayo msingi wake umo katika kitabu cha J. L. Austin cha mwaka 1962, inafaa kwa swali hilo. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kusema ni kutenda, lakini tendo hilo hufanikiwa pale tu masharti yake yanapotimia: msemaji awe na mamlaka, utaratibu uwe unatambuliwa na wahusika, na matokeo yafuate. Amri isiyo na masharti hayo hubaki kuwa maneno.

Mwongozo wa Sera umepanga kauli zake kwa ngazi. Ya juu ni sharti: kifurushi kinachoikiuka huhesabiwa kuwa na hitilafu kubwa, na kwa kawaida hakistahili kuingia katika toleo. Ya pili ni ile ya jambo linalopasa: kulikiuka ni hitilafu, lakini hakukifungii kifurushi mlango. Ya tatu ni hiari. Kwa mfano, kila kifurushi sharti kiambatane na taarifa za hakimiliki na leseni yake. Msomaji wa Kiswahili anaweza kukumbuka mpangilio wa faradhi, suna na mubaha. Ulinganisho huo unasaidia kuelewa ngazi, ila unakoma pale chanzo cha mamlaka kinapoulizwa, kwa kuwa mwongozo huu umetungwa na walewale wanaoufuata.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kiima cha sentensi hizo. Mara nyingi kiima si mtunzaji bali ni kifurushi. Uteuzi huo unaafikiana na Katiba ya Debian ya mwaka 1998, inayotamka kwamba haimlazimishi mtu yeyote kuufanyia mradi kazi. Mtunzaji hawezi kuamriwa afanye kazi. Kifurushi chake kinaweza kukataliwa. Kwa mantiki hiyo, nguvu ya neno sharti haimo katika neno lenyewe. Imo katika lango la kuingilia kwenye toleo na katika utayari wa wasimamizi wa matoleo kulifunga.

Kutokana na hali hiyo, mwongozo umejengewa tabia ya kwenda nyuma ya desturi. Wahariri wake, ambao huteuliwa na Kiongozi wa Mradi, hawatungi kanuni kwa matakwa yao. Pendekezo hujadiliwa hadharani, huungwa mkono na wanachama wengine, na huandikwa maafikiano yanapopatikana. Aidha, kila kifurushi cha chanzo hutaja toleo la mwongozo ambalo mtunzaji alilifuata alipokikagua mara ya mwisho. Hivyo, mtunzaji hupata orodha ya mabadiliko na nafasi ya kuyafuata kwa awamu. Huu ni ubora mkubwa wa matini hii: inatambua kuwa anayejitolea ana muda mchache.

Hata hivyo, tabia hiyohiyo ina udhaifu, nao ulidhihirika katika mgogoro wa programu ya kuanzishia mfumo. Mwezi Februari 2014 Kamati ya Ufundi iliichagua systemd iwe chaguo-msingi katika Linux, baada ya kura kufungana na mwenyekiti kutumia kura yake ya uamuzi. Debian 8, iliyotoka Aprili 2015, ikatekeleza uamuzi huo. Hata baada ya hapo, mwongozo uliendelea kuwataka watunzaji waambatishe hati za kuanzishia huduma za mtindo wa zamani wa sysvinit, huku hamu ya kuziandika na kuzijaribu ikipungua. Suala hilo lilifika kwenye kura ya wanachama wote mwishoni mwa mwaka 2019. Msimamo ulioshinda uliipa systemd kipaumbele na kuacha nafasi ya kuendeleza njia mbadala. Ndipo mwongozo ukarekebishwa, na hati ya zamani ikawa ya hiari pale kifurushi kinapokuwa tayari na faili ya systemd.

Katika kipindi hicho, maandishi yalisema hili na desturi ikielekea kwingine. Mtunzaji aliyeiacha hati angeweza kujitetea kwa desturi. Mtumiaji wa sysvinit aliyeidai angeweza kunukuu maandishi. Wote wawili walikuwa na hoja, na mwongozo haukuwa na la kuwaamua. Aliyeumia zaidi ni mgeni, ambaye hana njia ya kujua desturi isipokuwa kwa kusoma maandishi.

Inaweza kutetewa kwamba wahariri walifanya vyema kunyamaza, kwa kuwa kuandika upande mmoja kabla ya maafikiano kungekuwa kunyakua mamlaka wasiyopewa. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu kubadili kanuni. Haitoshi kuhusu kuieleza hali ya kanuni. Kati ya kubadili na kunyamaza kuna tendo la tatu: kutamka kwamba kifungu fulani kina mgogoro na kwamba kukiuka kwake hakutafunga lango hadi uamuzi utolewe. Tendo hilo halihitaji maafikiano juu ya jibu. Linahitaji maafikiano kwamba swali lipo.

Hoja hii inamhusu pia mfasiri wa Kiswahili. Katika matumizi ya kawaida, lazima, sharti, inabidi na inapaswa hubadilishana nafasi bila msomaji kuona tofauti. Mfasiri asiyeyafungia maneno hayo ngazi zake tangu mwanzo atafuta mpaka baina ya hitilafu inayokizuia kifurushi na ile inayovumilika. Inapendekezwa sharti litumike kwa ngazi ya kwanza pekee, yapasa kwa ya pili na hiari kwa ya tatu, na kiima kibaki kuwa kifurushi.

Kwa jumla, Mwongozo wa Sera wa Debian unafanikiwa pale unaponakili maafikiano, na unapungukiwa pale maafikiano yanapovunjika, kwa kuwa hauna kauli ya kutamka mgogoro. Jumuiya inayojitungia sera bila ya mwajiri haina budi kuzitunza sharti zake zibaki chache na za kweli. Sharti isiyotekelezwa humfundisha msomaji kuzitilia shaka hata zile zinazotekelezwa.