Kompyuta ya Mezani ya Mtumba: Fungua Boksi Kabla ya Kutoa Hela

Anayetaka kufungua steshenari Katesh, Haydom au Dongobesh hupewa ushauri uleule: panda gari uende Arusha, chukua Dell OptiPlex au HP ya mtumba, unganisha printa, anza kazi. Ushauri si mbaya. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi na ni imara. Ila mtu wa Mbulu au Hanang ana swali lisilomsumbua sana mtu wa Arusha: kifaa kimoja kikifa Jumatatu asubuhi, nitapata wapi kingine?

Prosesa kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Muuzaji akisema "hii ni Core i5" bado hajakwambia kitu. Core i5 zilianza kuuzwa mwaka 2009 na zipo za kila rika. Soma namba. Kwenye i5-3470, tarakimu inayofuata kistari ni 3: kizazi cha 3, mwaka 2012. i5-8500 ni kizazi cha 8, mwaka 2018. Mpaka uko hapo, kwa sababu Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa steshenari jambo hili ni zito. Kijana wa Bassotu anapoombewa mkopo wa HESLB, namba yake ya NIDA na nywila yake vinapita kwenye mashine hiyo, na ana haki ya kulindwa. Ya kizazi cha 3 unaweza kuiwekea Linux Mint ikafanya kazi hizo vizuri, mradi uhakikishe kwanza kwamba printa yako inakubali.

Sasa fungua boksi, utazame waya mnene unaotoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye mazabodi. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 inatumia soketi ya pini 24, ileile ya kompyuta za kuunga. Ikiwa ni ile ya boksi kubwa la kusimama, fundi anaweza kuifungia pawa saplai ya kawaida. OptiPlex 9020 ya mwaka uliofuata ilibadilishiwa soketi ikawa ya pini 8, ya Dell peke yake; HP EliteDesk 800 G1 ya kipindi hichohicho ina pini 6. Hapo pawa saplai ya kawaida haiingii bila kiunganishi maalumu. Kwa nje huwezi kuona tofauti. Nazo za kizazi cha 8 za kampuni hizi zina soketi zao wenyewe, hivyo prosesa nzuri haikuokoi. Na pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ni miongoni mwa vifaa vinavyotangulia kufa. Angalia pia kama nyuma kuna swichi ndogo nyekundu: iliyotoka Marekani huenda imewekwa 115, na umeme wetu ni 230. Ukiiwasha hivyo, inaungua papo hapo.

Diski ya zamani usiihesabu kabisa. Mashine iliyoachwa ikiwaka ofisini usiku na mchana kwa miaka 5 imefanya kazi saa 43,800. Weka SSD ya GB 240, na feni ipulizwe vumbi kila kiangazi.

Wapo wanaoogopa LUKU. Mashine na monita yake zikila wati 80, saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kama uniti 21. Nikikadiria uniti kwa shilingi 350, ni takriban 7,300. Laptop ya wati 25 itakula 2,300. Tofauti ya shilingi 5,000 kwa mwezi si ya kumkimbiza mtu. Kinachoumiza ni umeme kukatika mteja akiwa katikati ya fomu, na dawa yake ni UPS.

Kwa hiyo, kama kazi yako ni maombi ya mtandaoni, nunua ya kizazi cha 8, na katika safari hiyohiyo ununue UPS na pawa saplai ya akiba ya modeli hiyohiyo. Fedha ikipungua, chukua monita ndogo, lakini UPS usiiache. Kama ni kuchapa barua na mitihani tu, 7010 ya boksi kubwa yenye SSD inatosha. Ya kizazi cha 4 yenye pini 8, kama ile 9020, bila akiba, iache dukani hata kama bei inavutia.