Saba ya Miller na Mizani ya Utenzi

Katika insha za wanafunzi huletwa mara kwa mara hoja moja ipendezayo kuliko inavyostahili. Husemwa kwamba George Miller alithibitisha kuwa akili ya mtu hushika mambo 7, kuzidi au kupungua 2. Kwamba mshororo wa utenzi una mizani 8. Basi watunzi wa kale waliupima utenzi kwa kipimo cha kumbukumbu pasipo kujua. Hoja hii haivumilii kusomwa kwa makala yenyewe.

Makala hiyo ilitoka mwaka 1956 katika jarida la Psychological Review. Miller aanza kwa mzaha wa mtu aliyeandamwa na namba, na mwishoni ashuku kwamba kukutana kwa saba zake huenda ni sadfa tu. Zaidi ya hayo, akihesabuye si silabi bali ni fungu. Herufi za neno uhuru ni mambo matano kwa asiyejua Kiswahili. Kwa ajuaye ni fungu moja. Kulinganisha mizani na mafungu, basi, ni kupima mchele kwa dhiraa. Tena mwaka 2001 Nelson Cowan aliishusha saba hiyo hadi 4 hivi. Je, na sisi tuukate mshororo nusu?

Karibu zaidi na ushairi ni jaribio la Alan Baddeley na wenzake la mwaka 1975, kwa kuwa lahusu sauti: maneno marefu hukumbukwa machache kuliko mafupi, na mtu hushika kadiri awezavyo kutamka kwa sekunde mbili hivi. Lakini hiyo nayo ni kumbukumbu ya kitambo kidogo. Mghani wa utenzi hutunza mamia ya beti kwa miaka. Ghala lake ni jingine.

Kilindacho beti hizo twakiona katika kazi ya David Rubin ya mwaka 1995 juu ya masimulizi ya mdomo. Kina, maana na taswira hubana kwa pamoja. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti hushirikiana kina. Wa nne hubeba kina kiendacho hadi mwisho wa utenzi. Aliyesahau neno la kumalizia hapotei: kina kimekwisha kukataa maneno maelfu, maana imekataa mengine, na mizani yafukuza yaliyobaki, isipokuwa moja au mawili.

Ikiwa ni hivyo, tofauti za usomaji zingepasa kuwa nyingi katikati ya mishororo na chache kwenye vina. Jambo hili laweza kujaribiwa. Nakala za Al-Inkishafi, kwa mfano, hazilingani neno kwa neno. Na ziwekwe ubavu kwa ubavu, ila zilizoandikwa kutoka kinywani zitengwe na zilizonakiliwa kutoka karatasini, maana jicho la mnakili hukosea kwa namna yake.