Mtume wa Nani? Wasifu wa Lloyd Mathews na Suala la Msimulizi

Wasifu wa watawala umezoea kusomwa kama ghala la tarehe kuliko kama utanzu wenye kanuni zake. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha hasara ya usomaji huo kwa kuchunguza maisha ya Lloyd William Mathews, yaliyoandikwa na Robert Nunez Lyne katika kitabu An Apostle of Empire (1936).

Mathews alizaliwa Funchal, Madeira, mwaka 1850, akaingia katika jeshi la wanamaji la Uingereza mwaka 1863. Mwaka 1875 alifika Unguja na manowari London, iliyowekwa huko kuzuia biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1877 alikabidhiwa kazi ya kumwundia Sayyid Barghash jeshi la mtindo wa Kizungu. Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, haukupita muda akawa Waziri wa Kwanza (1891), yaani kiongozi halisi wa serikali, hadi alipofariki huko huko mwaka 1901.

Lyne aliwahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa serikali hiyo hiyo. Basi anasimulia kutoka ndani ya nyumba. Jina la kitabu chake linamwita Mathews mtume wa dola. Katika Kiswahili, mtume ni aliyetumwa, na neno hilo halitamkwi bila kuuliza: katumwa na nani? Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokuwa ametwaa kasri bila ridhaa ya Waingereza, Waziri wa Sultani alikuwa upande wa manowari zilizolipiga kasri hilo mizinga. Hapo ndipo penye kiini cha maisha haya, lakini jina la kitabu limekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajauliza.

Tulinganishe na tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold II. Yeye alijisimulia mwenyewe, kwa Kiswahili. Masimulizi yake yanakwenda kwa -ka-, tendo baada ya tendo, pembe baada ya pembe, deni baada ya deni. Hajiiti mtume wa mtu. Hata hivyo, naye ana ukimya wake: waliobeba pembe hizo hawasemi.

Kwa hiyo si kweli kwamba kusimulia kwa lugha yetu kunatosha kuleta haki. Kunahitajika msimulizi wa tatu, yaani mtawaliwa. Huku kwetu Luvungi, katika bonde la Ruzizi, wazee waliowajua kwa macho yao maadministrata wa kabla ya 1960 wanazidi kupungua. Wanafunzi wetu wawasikilize na kuandika maneno yao kama yalivyotamkwa, bila kuyasanifisha. Vinginevyo, wasifu wa watawala hao utabaki mikononi mwa waliowasifu.