Volti 12 Zilizodanganya

Kodi ilikuwa P0135. Mwenye gari, mzee wa Ziwani, alikuwa ameshaikariri, maana gereji moja ya mjini ilimsomea kodi hiyo, ikamuuzia sensa mpya ya oksijeni, na siku ya pili taa ya injini ikawaka tena. Aliponiletea kigari chake cha Kijapani, sensa ya zamani alikuja nayo, ameiviringisha kwenye kitambaa kama kielelezo cha mahakamani.

P0135 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema saketi ya hita ya sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya masega ya ekzosi, ina kasoro. Kwenye saketi hiyo kuna fyuzi, rilei, nyaya, soketi na kontroli boksi yenyewe. Hita ni kitu kidogo tu cha kuipasha sensa mapema, kwa sababu zirkonia iliyo ndani haitoi volti za kuaminika mpaka ifikie nyuzi joto 300 hivi. Sensa za kwanza za Bosch, zilizofungwa kwenye Volvo mwaka 1976, hazikuwa na hita. Zilisubiri moshi wa ekzosi uzipashe. Zenye hita zilikuja mwaka 1982. Hita ikigoma gari halizimiki, ila kontroli boksi inakaa muda mrefu bila kuisikiliza sensa na kumwaga petroli kwa kukisia. Ndiyo maana mzee alisema akienda Mtwara mjini gari halina neno, lakini mizunguko mifupi ya kijijini inamaliza tangi.

Nilipima sensa zote mbili kwenye nyaya zake mbili nyeusi, ndizo za hita. Mpya: omu 12.8. Ya zamani: 13.1. Kwa sensa ya aina hii ikiwa baridi, kati ya 11 na 16 ni nzima.

Fyuzi nayo nzima. Nikachomoa soketi, nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikapima upande wa gari: volti 12.3. Nadhani gereji ile iliishia hapa, ikasema umeme upo, basi sensa ndiyo mbovu. Multimita haili umeme wa maana. Hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba utaionesha volti kamili. Ni kama bomba lililoziba: koki ikifungwa, geji inasoma presha nzuri, ukifungua, yanatoka matone.

Kwa hiyo nikatafuta kitu kinachokula umeme. Globu ya wati 10 inakula karibu sawa na hita hiyo. Niliigusisha kwanza kwenye betri, ikawaka vizuri, kisha nikaiunga kati ya waya wa chanya wa soketi na bodi. Uzi wake ukawa mwekundu kama ncha ya sigara, basi. Volti zikaporomoka hadi 3.4.

"Fundi, ina maana hii mpya nayo mbovu?"

"Mpya ni nzima, mzee. Kilichozeeka ni waya."

Niliupapasa kutoka kwenye soketi kwenda juu. Sentimita saba tu, nikakuta pamelegea, panapinda kama uzi wa kushonea. Nikapachana kwa wembe: badala ya shaba kulikuwa na unga wa kijani. Huku kwetu chumvi haingoji gari lizame. Upepo wa kusi unaileta, na anayekatiza madimbwi ya bamvua kando ya mikoko anarudi nayo nyumbani chini ya gari, ikaukie kwenye injini ya moto.

Nilikata waya mpaka nilipoona shaba inayong'aa, nikaunga kipande kipya kwa risasi, nikakivalisha mpira unaosinyaa kwa moto, nikakifunga mbali na ekzosi. Risasi niliitumia upande wa gari peke yake. Nyaya za sensa hazichomelewi, wala soketi yake haipakwi grisi, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya wake. Ukiziba njia hiyo, unaua sensa nzima kwa mkono wako. Wapo pia wanaofunga rezista mahali pa hita ili taa izimike. Taa itazima kweli, na petroli itaendelea kwenda.

Globu sasa iliwaka nyeupe, volti 12.1. Nikafuta kodi, lakini sikumruhusu mzee aondoke: jaribio la maana ni injini ikiwa baridi. Asubuhi nikawasha huku skana imechomekwa. Kabla ya dakika moja kwisha, sensa ilishaanza kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, na P0135 haikurudi.

Mzee akaiviringisha tena sensa yake ya zamani, yenye omu 13.1, akaitia kwenye droo ya dashibodi. Spea.