Kisiwa Kimoja, Visiwa Vingi: Ukerewe katika Riwaya za Kitereza na Kezilahabi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapoulizwa mandhari ya Rosa Mistika ni wapi, jibu huwa jepesi: ni Ukerewe. Jibu hilo ni sahihi, lakini usahihi wake huwafanya wengi waishie hapo. Kisiwa cha Ukerewe kipo. Kina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 530, na ndicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Hata hivyo, kukitaja kwa jina hakuelezi kwa nini mtunzi amekichagua, amechukua nini kutoka kwacho na ameacha nini. Makala haya yanahoji kuwa mahali halisi panapoingia katika riwaya huwa malighafi mikononi mwa mtunzi, na kwamba sifa ya mahali hapo ambayo mtunzi anaikuza ndiyo hubeba hoja yake. Hoja hii inajengwa kwa kuwalinganisha wana wawili wa kisiwa hicho: Aniceti Kitereza (1896–1981) na Euphrase Kezilahabi (1944–2020).

Kisiwa kinachojitosheleza

Riwaya ya Kitereza ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ilikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980 tu, kwa Kiswahili, baada ya mtunzi mwenyewe kuitafsiri. Kisa chake ni cha mume na mke wasiojaliwa mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao; mume anakwenda kumwomba arudi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na baada ya kurudiana wawili hao wanahangaikia tiba hadi wanapata mwana na binti. Juu ya uti huo wa mgongo mtunzi ametandika maarifa ya jamii nzima: kilimo, uvuvi, uwindaji, dawa, ukwe na maziko.

Katika riwaya hii maji ya ziwa hayautenganishi ulimwengu wa wahusika na ulimwengu mwingine ulio bora zaidi. Ziwa ni kama shamba la pili: linatoa kitoweo na lina hatari zake, lakini halimwiti mtu aondoke. Tatizo kubwa la Myombekere linazaliwa kisiwani, na kwa sehemu kubwa linatatuliwa kwa sheria, adabu na tiba za huko huko. Kisiwa kinajitosheleza.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya wasomaji huiona kazi hii kama kumbukumbu ya mila, wakaipima kwa uaminifu wake kwa Ukerewe iliyokuwapo. Usomaji huo una msingi, kwani Kitereza alitaka maarifa ya wazee yasipotee. Hata hivyo, unasahau kwamba Ukerewe aliyokuwa akiiona alipoandika ilikwisha kuwa na kanisa, shule na kodi, na yeye mwenyewe alikuwa zao la elimu ya misheni. Yote hayo aliyaweka kando, akajenga kisiwa cha kabla ya utawala wa kikoloni. Kuacha huko ni tendo la ubunifu. Kisiwa kinachojitosheleza hakikuwapo nje ya dirisha lake. Alikitunga kwa kuchagua, ili kudai kwamba jamii yake ilikuwa na utaratibu uliokamilika kabla ya kufundishwa utaratibu mwingine.

Kisiwa cha kuvukwa

Miaka 26 baada ya Kitereza kukamilisha mswada wake, na miaka tisa kabla haujachapishwa, Kezilahabi alitoa Rosa Mistika (1971). Mandhari ya mwanzo ni Namagondo, kijiji alikozaliwa mtunzi. Jina halikufichwa wala kubadilishwa. Kwa mujibu wa ramani, basi, watunzi hawa wawili wako mahali pamoja. Kiriwaya, hawako pamoja hata kidogo.

Namagondo ya Kezilahabi haijitoshelezi. Zakaria, babaye Rosa, ni mlevi asiyeweza kuilinda nyumba yake ila kwa fimbo. Anampiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anavuka maji kwenda shule ya wasichana Mwanza, kisha anafika Morogoro kusomea ualimu. Kila hatua ya kuondoka inamwongezea uhuru ambao hakuandaliwa kuutumia. Anapotarajia ndoa kuwa kimbilio, Charles anamkataa, naye anajiua. Hapa maji ndiyo bawaba ya kisa: upande mmoja kuna malezi ya vitisho, upande wa pili uhuru usio na malezi, na katikati hakuna daraja.

Linganisho na ramani lina faida hapa, lakini kwa namna isiyotarajiwa. Upande wa mashariki, Ukerewe imetengwa na bara kwa mlango mwembamba wa maji unaovukwa kwa kivuko cha Rugezi. Kijiografia, kisiwa hiki kinakaribia kuwa sehemu ya bara. Riwaya imeyapanua maji hayo mpaka yakawa umbali wa kimaadili. Msomaji anayeishia kuthibitisha kwamba Namagondo ipo hataona upanuzi huo, nao ndio kiini cha kazi.

Mtindo huu unaendelea. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto anarudi kisiwani na elimu ya chuo kikuu ambayo haimsaidii kuishi na watu wake. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anaondoka Ukerewe na kutajirika Shinyanga, kisha anaangamia anapopambana na siasa inayomnyang'anya mali. Mmoja amerudi, mwingine ameondoka; kwa wote wawili kisiwa ni mahali pa kupimia hasara iliyoletwa na kuvuka.

Kutoka jina halisi hadi jina la kubuni

Katika Gamba la Nyoka (1979) Kezilahabi anaacha desturi ya kukipa kijiji jina lililo kwenye ramani. Vijiji vya Kisole na Bucho vinakabiliwa na amri ya kuhamia katika vijiji vya ujamaa, na wanavijiji wanapinga. Mazingira yanafanana na ya kandokando ya ziwa, lakini majina ni ya kubuni. Swali la kihakiki ni hili: kwa nini mtunzi aliyethubutu kuitaja Namagondo katika kisa cha aibu ya familia asitaje kijiji halisi katika kisa cha siasa?

Jibu la haraka ni tahadhari, na haliwezi kupuuzwa: Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na uhamishaji wa watu vijijini lilikuwa jambo la juzi. Hata hivyo, tahadhari peke yake haitoshi kueleza. Kijiji halisi kingeibana hoja: msomaji angeuliza ni kiongozi gani aliyekosea, na wa wilaya ipi. Kijiji cha kubuni kinamnyima kimbilio hilo. Kisole inaweza kuwa popote amri ilipofika kabla ya maelezo. Jina la kubuni, basi, limeongeza idadi ya wanaoguswa na kisa.

Hatua ya mwisho ni Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo mahali hapana ramani kabisa. Wapo wanaoziona riwaya hizi kama kuuacha uhalisia. Zikisomwa katika mfululizo uliofuatwa hapa, zinaonekana kuwa kilele cha mwelekeo ulioanza mapema: kutoka kijiji chenye jina lake, hadi kijiji chenye jina la kutungwa, hadi mahali pasipohitaji jina. Wahusika bado wanasafiri, na bado wanatafuta kitu ambacho walikotoka hakikuwapa. Kilichotoweka ni jina la kisiwa. Swali ambalo kisiwa kilimsaidia mtunzi kuliuliza limebaki.

Hitimisho

Uhakiki wa mandhari unaofanana na safari ya mtalii, wa kwenda kuona kama kijiji cha riwaya kipo, huuliza swali lenye jibu la ndiyo au hapana. Ukerewe inaonyesha udhaifu wake: kisiwa kimoja kimezaa kisiwa kinachojitosheleza kwa Kitereza na kisiwa cha kuvukwa kwa Kezilahabi, na kila kimoja kinaweza kutetewa kwa ushahidi wa mahali hapo hapo. Kwa hiyo, tofauti ya riwaya hizi haielezwi na kisiwa. Inaelezwa na uteuzi wa watunzi: mmoja alichagua yaliyomo kisiwani, mwingine alichagua maji yanayokizunguka.

Mtafiti anayekwenda Namagondo hatapoteza nauli yake, mradi aende na swali linalofaa. Akitafuta nyumba ya Zakaria, hataipata. Akipima umbali wa kivuko na kuulinganisha na umbali uliomwangamiza Rosa, atakuwa ameanza kuisoma riwaya.