Si kila mzuka ni jini: Kuisoma nyumba nambari 124

Mwambie mwanafunzi wa fasihi kwamba riwaya fulani inahusu nyumba inayosumbuliwa na mzuka, naye aghalabu atakujibu, "Kumbe ni hadithi ya majini!" Hapo uhakiki umekwisha kabla ya kuanza. Jini, kwa Waswahili, hakuwahi kuwa binadamu. Ni kiumbe wa nje, na dawa yake ni kutafuta mtu wa kumfukuza. Pepo naye humpanda mtu. Mzimu hupelekewa sadaka. 'Mzuka' limetokana na kitenzi 'zuka': kilichokuwa kimefichika kimejitokeza ghafla. Hilo ndilo neno tunalolihitaji tunapoisoma Beloved, riwaya ya Toni Morrison iliyochapishwa mwaka wa 1987 na kutwaa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata.

Mandhari ni nyumba nambari 124, pembezoni mwa jiji la Cincinnati, Ohio, mwaka wa 1873. Kioo kinapasuka mtu akijitazama tu. Alama za viganja vya mtoto zinaonekana kwenye keki. Wavulana wawili wa nyumba hiyo wametoroka. Sethe, mama yao, anapopendekeza wahame, mavyaa wake anamwona kama anayeota: wahamie wapi, ilhali hakuna nyumba nchini humo isiyojaa majonzi ya Mweusi aliyekufa? Katika riwaya nyingi za kutisha, familia hununua jumba kuukuu na kurithi siri za watu wengine. Hapa anayewatesa wenye nyumba ni mtoto wao wenyewe.

Asiyeisoma anisamehe, maana siri yenyewe siwezi kuikwepa. Sethe alitoroka utumwa kule Kentucky. Baada ya siku 28 tu za uhuru, wakaja kumchukua yeye na wanawe, na sheria ya mwaka wa 1850 iliwaruhusu. Akawakimbiza watoto bandani na kumuua binti yake kwa msumeno ili asirudishwe utumwani. Kiini cha kisa hiki ni tukio la kweli, la Margaret Garner, mwaka wa 1856.

Lakini hebu tujiulize: hii ni siri kweli? Habari ilitoka gazetini. Majirani waliwaona wapandafarasi wakija, na hakuna aliyekimbia kwenda kuonya, kwa kuwa walikuwa wamekereka kwa karamu kubwa iliyofanywa 124 siku iliyotangulia. Ati karamu! Siri ya mtungi aijuaye kata, ila hapa kata ni mtaa mzima. Kwa maoni yangu, kinachomlisha mzuka ni hali hii ya kila mtu kujua na kila mtu kunyamaza, hata kuliko kile kifo.

Mtazame Denver, binti aliyesalia. Mwenzake shuleni anamuuliza iwapo mamake alifungwa kwa mauaji. Denver anarudi nyumbani, anamuuliza mama, na kabla hajasikia jibu masikio yake yanaziba. Anaishi kiziwi takribani miaka miwili. Sauti inayomzibua ni ya mzuka akitambaa kwenye ngazi. Paul D naye, mpenzi wa Sethe, anaonyeshwa kipande cha gazeti. Hajui kusoma, basi anashikilia kwamba mdomo uliochorwa pale si wa Sethe. Anapomuuliza mwenyewe, Sethe anazunguka jikoni, anazunguka tena, na maneno yanazunguka naye. Walimu wetu huliita jambo hili mbinu rejeshi na kusonga mbele. Mimi naliona ni zaidi ya mbinu: Sethe hana njia iliyonyooka ya kulifikia neno lenyewe.

Kuna sura, katika sehemu ya pili, ambapo sauti za wanawake watatu wa nyumba hiyo zinachanganyika, na kwingine alama za uakifishaji zinatoweka kabisa. Inachosha, na wasomaji wengi huachia hapo. Hata hivyo, ukiisoma kwa sauti inafunguka kiasi.

Jina nalo lina kisa. Sethe hakuwa na pesa za kulipia maandishi ya kaburi, akamlipa mchongaji kwa mwili wake, dakika kumi kwa herufi saba. Neno alilisikia kwa mhubiri mazishini, aliyekuwa akiwahutubia waombolezaji. Kwa Kiswahili tungesema 'wapendwa', na ingebainika mara moja kwamba hakuambiwa marehemu. 'Mpendwa', kwa bahati, lina herufi saba vilevile. Atakayeitafsiri riwaya hii kazi hiyo moja amepunguziwa.

Na mzuka anaondokaje? Haitwi mganga. Njaa inapozidi, Denver anatoka nje kuomba kazi, na anapohojiwa inambidi aseme kinachoendelea nyumbani. Habari zinaenea, na wanawake 30 wanakuja hadi 124 kuomba na kuimba. Ella, anayewachochea, hajabadilisha msimamo wake kuhusu kosa la Sethe. Anachokataa ni yaliyopita kuingia nyumbani mwa mtu na kumpiga.